Kumpangia malengo mchezaji aliyeumia goti: mwongozo kamili, kutoka magongo hadi dakika 90

Maswali ninayoletewa kuhusu wachezaji walioumia goti yanafanana. Kocha anasema kijana wake alipangiwa malengo, akaanza kwa moyo, mwezi wa tatu akaacha mazoezi. Mwingine anasema wake alirudi uwanjani haraka, mechi ya pili akajitonesha. Mama mmoja aliniambia binti yake ana wiki ya tano hatoki chumbani wala hataki kusikia habari za mpira.

Kila mara nauliza: lengo mliloandika lilikuwa lipi? Jibu karibu siku zote ni "arudi mzunguko wa pili" au "awahi dirisha dogo". Hapo ndipo mambo yanapoharibikia. Hiyo ni tarehe, na tarehe haimwambii mchezaji afanye nini leo saa 12 jioni akiwa nyumbani na goti limejaa maji.

Mwongozo huu unafuata jeraha moja tangu mwanzo hadi mwisho: kukatika kwa kano ya mbele iliyo ndani ya goti, ile ACL, baada ya upasuaji. Nimelichagua kwa sababu ni safari ndefu na wengi huangukia katikati. Aliyechanika msuli wa nyuma ya paja au kuteguka kifundo cha mguu anaweza kupita njia hii hii, ila vipimo na muda vitakuwa vingine.

Nawaandikia wanaomsaidia mchezaji: kocha, nahodha, mzazi, mke, mtaalamu wa fiziotherapia wa timu ndogo. Timu zetu nyingi hazina mtaalamu wa kila siku. Mchezaji humwona dokta mara moja kwa wiki mbili, tena akipata nauli. Siku 13 zilizobaki yuko peke yake na daftari lake, ndiyo maana daftari hilo lazima liandikwe vizuri.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari gumu na kalamu za rangi mbili. Simu inafaa kwa video, lakini malengo yaandikwe kwa mkono, yaachwe mahali yanapoonekana.
- Futi ya fundi cherehani, ya kupimia uvimbe na umbali wa kuruka.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde na kamera.
- Kiti imara kisicho na mikono, ambacho mchezaji akikaa goti linakunjika kama pembe ya meza. Kitumike hicho hicho miezi yote, maana kiti kikibadilika kipimo nacho kimebadilika.
- Taulo, barafu, na kipande cha tyubu ya baiskeli kwa mazoezi ya kuvuta.
- Maelezo ya upasuaji kwa maandishi. Hili watu hulisahau kuliko vyote.
- Mtu mmoja wa karibu asiye kocha wala dokta, atakayeuliza kila siku, "Leo umefanya?"

## Hatua ya 1: Pata mipaka kutoka kwa daktari

Kabla ya kuandika lengo lolote, muulize daktari aliyepasua mambo matatu. Kano mpya imetolewa wapi: kwenye msuli wa nyuma ya paja, kwenye kano ya chini ya kifuu cha goti, au kwingine? Je, meniskasi, yale matakia yaliyo ndani ya goti, ilishonwa? Na kuna kitu amekataza, kwa wiki ngapi?

Sababu ni hii. Meniskasi ikiwa imeshonwa, mara nyingi daktari huzuia kukunja goti sana au kulikanyagia uzito wote kwa wiki kadhaa. Ukimpangia mchezaji huyo malengo ya mwenzake ambaye hakushonwa, utaharibu kazi ya daktari kwa nia njema.

Onyo. Kigimbi kikivimba na kuuma, pumzi ikibana, homa ikipanda, kidonda kikitoa usaha, au goti likikwama lisinyooke wala kukunjika, weka daftari pembeni na mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Umefanikiwa ukiwa na ukurasa wa kwanza wa daftari wenye majibu hayo matatu na tarehe ya upasuaji.

## Hatua ya 2: Kaeni chini, na wewe usikilize

Usifanye kikao cha malengo wodini. Siku za kwanza mtu ana maumivu, dawa na hofu, atakubali chochote. Ngoja arudi nyumbani, alale usingizi mzuri siku mbili tatu, kisha mfuate.

Muulize, kisha nyamaza. Unakosa nini zaidi? Unaogopa nini? Kabla ya mpira, nini kinakusumbua hapa nyumbani? Mchezaji mmoja aliniambia kinachomtesa si mpira, ni kushindwa kukaa chini na wenzake kula sinia moja. Tuliliandika. Kukunja goti hadi akae mkekani likawa lengo lake, na alilifanyia kazi kwa bidii ambayo lengo langu la nyuzi 120 lisingempa kamwe.

Lengo alilolitamka mwenyewe atalibeba hata siku ambayo haupo. Ulilomwandikia wewe atalifanya ukiwa umesimama.

Umefanikiwa ukiwa na maneno yake mwenyewe kwenye daftari, yasiyopambwa, hata kama yanakushangaza.

## Hatua ya 3: Andika lengo kubwa kama uwezo

Lengo kubwa liseme mwili utaweza nini. Tarehe ikae pembeni kama makadirio.

Lengo baya: "Nitacheza Machi 15."

Lengo zuri: "Nitacheza dakika 90, nigeuke kwa mguu wowote, na kesho yake goti lisivimbe."

Tofauti yake inaonekana mambo yanapochelewa. Mwenye tarehe, ikifika hajapona, ana njia mbili tu: acheze hivyo hivyo au akate tamaa. Mwenye uwezo anajua amebakiza nini.

Kumbukeni ya beki Virgil van Dijk. Aliumia kano hii Oktoba 2020 akiichezea Liverpool dhidi ya Everton. Mashindano ya Euro yalikuwa Juni 2021, na yeye alikuwa nahodha wa Uholanzi. Alijitoa. Alirudi kwenye ligi Agosti 2021 dhidi ya Norwich, karibu miezi 10 tangu aumie. Mtu mwenye madaktari wote hao aliiacha Euro ipite. Kijana wetu anayefanyia mazoezi ukutani kwa jirani hana sababu ya kukimbilia fainali ya ndondo.

Utafiti uliowafuatilia wachezaji wa Oslo na Delaware, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja wa kuchelewesha kurudi, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza kuumia tena kwa goti kwa asilimia 51. Katika utafiti huo huo, waliorudi bila kufaulu vipimo waliumia tena kwa asilimia 38.2, waliofaulu, asilimia 5.6. Mimi huziandika namba hizo mbili kwenye jalada la ndani la daftari. Siku kiongozi wa timu atakapokuja na presha yake, mchezaji amfungulie asome.

Umefanikiwa ukiwa na sentensi moja ambayo mtu asiyejua mpira anaweza kuisoma na kusema kama imetimia au bado.

## Hatua ya 4: Gawa safari kwa vituo

Hii ndiyo kazi yenyewe, msiikimbize. Lengo kubwa liko mbali mno kumwamsha mtu asubuhi. Ligawe kwa vituo, na kila kituo kiwe na kipimo cha kupita. Miezi ninayotaja ni makadirio. Anayeruhusu mtu kupita ni kipimo.

Kituo cha 1: Goti linyooke na paja liamke. Takriban wiki mbili za kwanza. Mchezaji alale chali, anyooshe miguu yote miwili. Nyuma ya magoti pafanane. Kisha ainue mguu ulioumia ukiwa umenyooka, goti lisilegee hata kidogo, mara 10. Kukunja kufike karibu nyuzi 90 kama daktari hajazuia.

Watu hukazana na kukunja, wanasahau kunyoosha. Goti lisiponyooka lote mapema, linaweza kugoma kabisa, na mtu atachechemea hata akiwa na paja la simba. Tafadhali, msiweke mto chini ya goti usiku. Unaliwaza, lakini unalifundisha kukaa limepinda.

Kituo cha 2: Kutembea bila kuchechemea. Hadi wiki ya 6 hivi. Mrekodi kwa simu akija kwako na akikupa mgongo. Magongo yaachwe pale anapotembea sawasawa. Mwenye kuyaacha mapema ili asionekane mgonjwa hujizoesha kuchechemea, na mazoea hayo kuyatoa ni kazi.

Kituo cha 3: Nguvu. Hadi mwezi wa 3 na kuendelea. Kipimo cha nyumbani ni kiti: akae, ainue mguu mzima, yaani ule ambao haukuumia, asimame na kukaa kwa mguu ulioumia peke yake, polepole, bila kujitupa na bila goti kuingia ndani. Hesabu anafika ngapi, kisha pima mguu wa pili. Pima pia kunyanyuka kwa vidole vya mguu mmoja.

Kituo cha 4: Kukimbia. Kwa kawaida si kabla ya mwezi wa 3. Masharti yote yatimie: goti linanyooka lote, linakunjika karibu sawa na lenzake, halina uvimbe, anasimama kutoka kwenye kiti kwa mguu mmoja angalau mara 10, na nguvu ya paja imefika angalau asilimia 70 ya mguu mwingine. Aanze kwa dakika 1 kukimbia na 2 kutembea, kwenye nyasi au udongo laini.

Kituo cha 5: Kuruka, kutua, kugeuka. Mwezi wa 5 au 6. Kutua kwanza, kuruka baadaye. Atue bila kelele na goti likielekea vidoleni.

Kituo cha 6: Mazoezi na timu. Kwanza bila kugusana, halafu na kugusana.

Kituo cha 7: Mechi. Si kabla ya miezi 9 tangu upasuaji, na awe amefikisha asilimia 90 au zaidi kwenye vipimo vya nguvu na vya kuruka.

Asilimia hupigwa hivi. Chora mstari kwa chaki. Aruke kwa mguu mzima mbele, atue kwa mguu huo huo, atulie. Tuseme sentimita 150. Sasa mguu ulioumia: sentimita 126. Gawanya 126 kwa 150, zidisha kwa 100. Ni asilimia 84. Bado.

Onyo. Mguu mzima nao hunywea kwa miezi ya kukaa. Ukilinganisha na mguu uliodhoofika, asilimia itapanda kwa uongo. Kama mchezaji hajapasuliwa bado na daktari ameruhusu, pima mguu mzima sasa uandike. Kama ameshapasuliwa, upime mapema kadiri inavyoruhusiwa, na namba hiyo ya mwanzo ndiyo iwe kigezo.

Umefanikiwa ikiwa mchezaji, akiamshwa usingizini, anaweza kukuambia yuko kituo gani na nini kinamzuia kupita.

## Hatua ya 5: Malengo ya wiki yasizidi matatu

Ndani ya kituo, mchezaji anahitaji vitu vilivyo mikononi mwake. Uvimbe kupungua hakuko mikononi mwake moja kwa moja. Kuweka barafu na kufanya seti tatu kuko. Kwa hiyo lengo la wiki liandikwe kama kazi, siyo kama matokeo.

Ukurasa wa wiki ya 4 unaweza kuwa hivi:

1. Kisigino juu ya taulo lililoviringishwa, goti linyooke kwa uzito wake, dakika 10, mara 3: baada ya chai, baada ya chakula cha mchana, kabla ya kulala.
2. Kukaa na kusimama kwenye kiti kwa miguu miwili, uzito sawa, mara 10, seti 3: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
3. Kutembea dakika 15 jioni. Nikianza kuchechemea, nasimama.

Angalia kila zoezi limeshikizwa kwenye jambo ambalo lipo tayari: chai, chakula, kulala. "Nitafanya mara tatu kwa siku" haina saa, na isiyo na saa hupotea.

Chini yake andikeni vikwazo na majibu yake. "Mvua ikinyesha, nitatembea barazani." "Nikichelewa kutoka kazini, nitafanya namba 1 tu." "Umeme ukikatika na barafu hakuna, nitapumzika na mguu juu dakika 20." Jambo ukiwa umelijibu Jumapili, Jumatano halikupigi chenga.

Mwezi wa Ramadhani, kwa anayefunga, pangeni upya. Mazoezi mepesi ya kunyoosha yanaweza kubaki mchana. Ya nguvu yahamie baada ya futari, chakula kikishatulia, na maji anywe ya kutosha hadi daku.

Kwa nini matatu? Kwa sababu nimeona madaftari yenye mazoezi 14. Wiki ya kwanza yana tiki kila mahali, wiki ya pili nusu, ya tatu hakuna kitu. Mtu aliyeshindwa 11 kati ya 14 anajiona ameshindwa maisha.

Umefanikiwa ikiwa wiki inaisha na sehemu nne kati ya tano za kazi zimefanyika. Zikifanyika zote wiki tatu mfululizo bila jasho, umempunja, ongeza.

## Hatua ya 6: Pima kila siku kwa dakika mbili

Asubuhi kabla ya pilikapilika, aandike namba mbili. Maumivu kutoka 0 hadi 10. Na mzunguko wa goti kwa futi, katikati ya kifuu, mguu umenyooka.

Maumivu 0 hadi 3 na uvimbe haujaongezeka: endelea na ratiba. Maumivu 4 au 5: punguza nusu ya kazi leo. Maumivu 6 na zaidi, au goti limeongezeka sentimita 1 kuliko jana: leo kunyoosha na barafu tu. Likiendelea hivyo siku tatu, mpigie dokta.

Kinachohukumu zoezi ni asubuhi ya kesho yake. Mchezaji atakwambia, "Jana nilikimbia vizuri, sikusikia kitu." Mwambie sawa, tuone futi.

## Hatua ya 7: Kikao cha Jumapili

Dakika 15, siku moja, saa moja, kila wiki. Maswali matatu: nini kimefanyika, nini kimezuia, wiki ijayo tunabadilisha nini. Usigeuze kikao kuwa mahakama.

Lengo likishindikana wiki mbili, lipunguzwe au libadilishwe, na mchezaji ndiye ashike kalamu. Hapa kalamu ya pili inapata kazi: mabadiliko yote yaandikwe kwa rangi nyingine, ili baada ya miezi aone jinsi mpango ulivyopinda na safari ikaendelea.

Kila wiki ya nne rudieni vipimo vya kituo chake, na mfungue kurasa za nyuma. Kijana anayelalamika kuwa haendi mbele, muonyeshe siku alipokuwa hawezi kuinua mguu kitandani. Hakuna hotuba inayofanya kazi kama mwandiko wake mwenyewe.

## Hatua ya 8: Vukeni salama wiki ya 8 hadi ya 16

Ningekuwa na nafasi ya kusema jambo moja tu kwenye mwongozo huu, ningesema hili.

Kuanzia wiki ya 8 hivi mchezaji hujisikia mzima. Maumivu yameisha, anatembea vizuri, anapanda ngazi, watu mtaani wanamwambia, "Mbona umepona?" Wakati huo huo, ndani ya goti, kano mpya iko katika kipindi chake dhaifu. Kipande kilichopandikizwa kinapoteza uimara wake wa mwanzo kwanza, kikisubiri mishipa ya damu imee na nyuzi zijipange upya. Hisia zinasema ndiyo, kano inasema bado.

Na ni kipindi hicho hicho ambacho mazoezi yanachosha kwa kujirudia. Hakuna jipya la kuonyesha. Wa kukata tamaa hukatia hapa, na wa kucheza kimya kimya mechi za mtaani huchezea hapa. Wanaojitonesha sitaki hata kukumbuka sura zao, maana wote walikuwa wamebakiza kidogo tu.

Fanyeni mambo haya kipindi hicho.

Kwanza, badilisha aina ya lengo. Miezi ya kwanza yalikuwa ya kupona. Sasa yawe ya kujenga. Mguu mzima, tumbo, mgongo, mapafu kwa baiskeli ya kusimama au kuogelea daktari akiruhusu. Mshambuliaji mmoja alitumia wiki hizi kufundisha mguu wake wa kushoto pasi fupi akiwa ameketi kitini, akirushiwa mpira. Hilo lilikuwa lake, na lilimpa sababu ya kuja uwanjani.

Pili, andikeni marufuku kama lengo kamili, lenye tiki yake: "Wiki hii sijagusa mpira wa ushindani." Kujizuia nako ni kazi, nako kunastahili kuhesabiwa.

Tatu, kocha abadilishe salamu yake. Maneno ya kocha yana uzito kuliko ya daktari. Usimuulize, "Utawahi derby?" Muulize namba. Mazungumzo mazuri niliyowahi kuyasikia pembeni ya uwanja yalikuwa haya:

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mdogo wangu. Goti linasemaje?"

"Liko fiti mwalimu, hata kesho nacheza."

"Vizuri. Kwenye kiti umefika ngapi?"

"Saba."

"Na mguu ule mwingine?"

"Kumi na nne."

"Haya. Jumapili tuonane na daftari."

Hakukatazwa, hakutishwa. Namba zilijibu, na zilitoka kinywani mwake.

Umefanikiwa ikiwa wiki ya 16 imefika, daftari halina pengo la zaidi ya siku tatu, na goti halijavimba kwa jambo ambalo halikuandikwa.

## Hatua ya 9: Mpe kazi ndani ya timu

Mchezaji aliyeumia hupotea kwenye kundi la timu kimya kimya. Jezi yake inapewa mwingine, safari za ugenini hatajwi. Mpangie lengo lisilohusu mwili: ahesabu krosi za wapinzani zinazotoka upande gani, arekodi mazoezi, awafundishe chipukizi kupasha misuli moto.

Kazi iwe ya kweli. Kubeba chupa za maji kwa mtu aliyekuwa akivaa kitambaa cha unahodha kunaweza kumuumiza zaidi.

Onyo. Asiyelala, asiyekula, anayejitenga na kila mtu au kusema maisha hayana maana, hahitaji lengo jipya. Anahitaji mtaalamu wa afya ya akili, na mtu wa kumsindikiza.

## Hatua ya 10: Pimeni woga kama mnavyopima paja

Baada ya upasuaji huu, uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa 2014 ulikuta kama 81 kati ya 100 hurudi kwenye michezo ya namna fulani, lakini takriban 55 tu ndio hurudi kwenye mashindano. Magoti ya wengi wa waliobaki yanafanya kazi. Kinachowazuia mara nyingi ni kuogopa kuumia tena.

Muulize kila wiki mbili: "Kutoka 0 hadi 100, una imani kiasi gani na goti lako kwenye zoezi hili?" Uliza kwa kila tendo, usiulize kwa jumla. Mtu anaweza kuwa na 90 kwenye kukimbia na 30 kwenye kukabwa kutoka nyuma.

Kisha panda ngazi: ageuke peke yake mbele ya koni, ageuke na beki aliyesimama, beki anayefuata bila kugusa, beki anayegusa kwa bega, halafu mchezo wenyewe. Akae kwenye kila ngazi mpaka imani ifike 80. Kama alikatikia goti wakati wa kutua baada ya kupiga kichwa, tendo hilo lirudiwe kwa hatua ndogo ndogo, kwa makusudi, kabla ya mechi. Msiliache likamsubiri uwanjani.

Kumwambia "usiogope, jikaze" hakusaidii. Anajikaza tangu siku ya kwanza.

## Hatua ya 11: Siku ya kurudi iwe na dakika

Uamuzi wa kucheza ufanywe na watu watatu: mchezaji, anayemtibu na kocha. Mmoja akisema bado, ni bado. Kiongozi wa timu na mashabiki hawapigi kura.

Andikeni dakika kabla ya mechi. Mimi hupendelea 15, kisha 30, kisha 45, kila moja mara mbili kabla ya kupanda, na goti lipimwe kila baada ya mechi. Kocha aziheshimu hata timu ikiwa inafungwa. Lengo la mechi ya kwanza lisiwe bao. Liwe tendo, kwa mfano "nitageuka kwa mguu ulioumia mara tano bila kufikiri".

Vijana chini ya miaka 20 wasubiri zaidi, maana ndio wanaojitonesha sana, na mguu wa pili nao uko hatarini. Kwa hiyo daftari halifungwi siku ya mechi. Malengo mawili yanabaki hadi msimu mwingine: mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, na FIFA 11+, programu ya kupasha misuli moto na kukinga majeraha, ya dakika 20 kabla ya mazoezi. Timu nzima iifanye, isiwe adhabu ya aliyeumia.

Asubuhi baada ya mechi ya kwanza, kabla ya simu za pongezi na kabla ya chai, anyooshe mguu kitandani, azungushe futi katikati ya kifuu na aandike namba. Ikiwa sawa na ya jana, Jumapili mnapanga dakika zinazofuata. Ikiwa imepanda, mnarudia zile 15.